Behewa Livutalo Nalo Hubeba



Leo Chama chetu kimetimiza miaka kumi. Twaomba ruhusa tuseme machache juu ya treni moja ya Japani, kwani ina somo kwetu sisi tusafirishao mazao.

Tangu Machi 2004, treni ya umeme ya makontena huenda usiku kati ya Tokyo na Osaka, mwendo wa kilometa 550 hivi. Haina kichwa cha kuivuta. Ina mabehewa 16: mawili ya mbele na mawili ya nyuma yana mota, na 12 ya katikati hayana. Kwa kuwa nguvu imegawanywa, hakuna behewa liielemealo reli kwa uzito mkubwa, na mwendo wake hufika kilometa 130 kwa saa. Safari huchukua saa sita na dakika chache. Hubeba makontena 28, kila moja shehena ya lori zima la tani kumi.

Jambo lililotugusa ni hili: kila behewa lenye mota nalo hubeba kontena lake. Hakuna lililowekwa kuvuta tu. Nasi tuliopewa uongozi tukumbuke hivyo. Aongozaye na abebe mzigo pamoja na wenziwe.

Lakini treni ile yafaa kwa sababu mteja wake, kampuni ya vifurushi, ana shehena tayari, kwenda na kurudi. Kontena likikosekana, nafasi yake huenda tupu. Je, sisi? Ni mara ngapi lori limengoja ghalani kwa kuwa magunia ya huyu yamefika na ya yule hayajafika? Na ni mara ngapi sisi wa ofisini tumechelewesha hati, mkulima akakosa bei nzuri? Makosa hayo ni yetu sote.

Nchini mwetu, mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Reli ya namna hiyo haiwezi kumngoja mwenye magunia matatu. Itamfaa mwenye shehena kamili, iliyopimwa vema na kufika kwa wakati. Mkulima mmoja hawezi kuikusanya, Chama chaweza. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, ndugu zetu, msimu ujao tulete mazao siku iliyopangwa, nasi tuahidi kuwa hati zitawangoja ninyi, si ninyi kuzingoja hati.