Shokabzoba Zilizochoka: Jinsi ya Kuzitambua na Kuzibadilisha

Hotuba ya fundi wa magari katika kikao cha madereva na wenye magari, Mwatate



Nimepewa nusu saa, na kwa dereva nusu saa ni pesa, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja. Nimeombwa nizungumzie shokabzoba. Gereji nyingi huziita shoki tu, nami nitaziita hivyo.

Nikiuliza shoki ni ya kazi gani, wengi watasema ni ya kumfanya abiria akae vizuri. Mtu akiamini hivyo ataiweka mwisho kabisa, nyuma ya petroli, bima na karo ya watoto. Uzito wa gari hubebwa na springi. Gari likiingia shimoni springi hujikunja, kisha hurudi juu, na ikiachwa peke yake itaendelea kupanda na kushuka. Shoki ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna pistoni inayosukuma oili ipite katika vitundu vidogo. Oili haipiti kwa haraka, nguvu ya ule mruko inageuka kuwa joto, na tairi linabaki limekanyaga barabara. Tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona, hata kama breki ulizitia jana.

Sasa fikirini barabara ya kutoka Wundanyi kushuka hadi hapa Mwatate. Ni kona baada ya kona, mlima upande huu, bonde upande ule. Probox imejaa kabeji na nyanya, na watu wamekaa juu ya magunia. Tusidanganyane, sote tunaziona. Shoki zimekufa. Dereva anakanyaga breki, pua ya gari inainama, nyuma inanyanyuka, matairi yanadunda badala ya kushika lami. Gari linahitaji nafasi zaidi kusimama, na katika mteremko ule nafasi hiyo haipo. Watoto wanaotoka shule hutembea kando ya barabara hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba shoki haifi siku moja. Huchoka kidogo kidogo, na dereva anachoka nayo. Mkono wake unazoea kurekebisha usukani kila mara, mguu wake unazoea kukanyaga breki mapema, naye anaapa kwamba gari liko sawa. Basi mpe dereva mwenzako gari lako aliendeshe hadi Voi na kurudi, akuambie. Au muulize abiria aliyepanda kwa mara ya kwanza kwa nini anatapika.

Wewe mwenyewe unaweza kuangalia nini? Kwanza, inama uitazame shoki. Unyevunyevu mwembamba wa oili juu kwenye shina lake usikutishe sana. Lakini ukiona oili imetiririka hadi chini na vumbi limegandamana nayo kama tope jeusi, hiyo imekwisha. Tazama pia kama ile fimbo inayong'aa imepinda au ina kutu, na kama bushi za mpira zimekatika. Pili, pitisha kiganja juu ya tairi. Likiwa limeliwa kwa mabonde mabonde, hapa juu, pale chini, huenda limekuwa likiruka. Wengi hulilaumu tairi, wakanunua jipya, nalo likaliwa vivyo hivyo. Tatu, ukipita tuta gari likaendelea kunesa baada ya kulivuka, au upepo wa lori kwenye barabara ya Mombasa ukalipeperusha kuliko zamani, usingoje.

Kuna kile kipimo cha kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuiachia. Gari zima hupanda mara moja na kutulia. Likinesa mara mbili tatu, shoki ni mbovu. Kipimo hiki ni kizuri kwa gari dogo, lakini kwa pikapu yenye springi ngumu hakikuambii mengi. Inaweza kutulia na shoki zake zimekufa. Kwa hiyo kuna kingine ninachokipenda zaidi. Endesha njia mbovu kwa muda, kama ile ya kwenda Kasigau, kisha simama uguse shoki za kushoto na kulia, kwa uangalifu usije ukaungua. Shoki inayofanya kazi huwa na joto. Ikiwa moja ni moto na mwenzake ni baridi, ile baridi haifanyi kazi.

Kuhusu kelele, nasema hivi: si kila "go go go" ni shoki. Mara nyingi ni bushi au viungo vya chini. Fundi akisikia mlio tu na kukuambia ununue shoki nne, mwombe akuonyeshe.

Sasa kubadilisha. Shoki hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Hapa nina kosa langu la kukiri. Nilipokuwa kijana wa spana, mteja alinisihi nimfungie moja tu ya mbele kwa sababu pesa zilikuwa zimemwishia. Nilimhurumia. Gari likawa na upande mmoja mgumu na mwingine laini, kila akifunga breki kwenye barabara mbovu linayumba. Alirudi baada ya muda na tairi limeharibika, akanunua shoki ya pili na tairi juu yake. Huruma yangu ilimgharimu zaidi.

Nyuma ya Probox na magari mengi madogo, shoki husimama mbali na springi, na fundi wa kawaida ataimaliza haraka. Zuia magurudumu, pandisha kwa jeki, kisha weka stendi. Jiwe si stendi. Kabla ya kufunga shoki mpya, isimamishe wima uivute na kuikandamiza mara kadhaa ili hewa itoke kwenye oili. Usiishike ile fimbo kwa koleo, maana mkwaruzo mdogo utakata sili yake. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira utakaa umejipinda na kupasuka mapema.

Za mbele ni habari nyingine. Katika magari mengi shoki imevikwa springi iliyobanwa. Ukifungua ile nati ya juu bila kifaa cha kuibana springi, inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Vijana wa jua kali, nawaomba sana, msitumie waya wala kamba. Kama gereji haina kifaa hicho, mpelekeni mteja penye kifaa. Na kazi ikiisha, gari likapimwe alainimenti.

Wengi wataniuliza kuhusu mtumba. Shoki ya mtumba hujui imetembea kilomita ngapi. Ukilazimika, ikandamize na kuivuta dukani: ikuzuie pande zote mbili, bila kuruka mahali. Ile iliyotobolewa, ikajazwa oili na kuchomelewa, iache hapo hapo. Na wewe uliyeongeza springi nzito ili ubebe zaidi, jua kwamba shoki ya kiwandani haikutengenezewa springi hizo.

Nimeona mikono imeinuliwa, lakini maswali tutayajibia nje. Kuna Probox nyeupe chini ya mwembe, mwenyewe ametukubalia. Wawili watangulie wakaikandamize upande wa nyuma kushoto, na mwenye tochi aje nayo.