Kuotesha Mbegu za Mpungate Nyumbani

Mbegu ya mpungate ina ganda gumu. Ndiyo maana wengi huipanda na kukata tamaa kabla haijaota. Anayetaka kuiotesha na atoe mbegu katika tunda lililoiva, azioshe hadi utelezi uishe, kisha azianike kivulini. Siku ya kupanda, azikwaruze kidogo kwa msasa na kuziloweka katika maji ya uvuguvugu usiku kucha. Udongo uwe na mchanga mwingi, na mbegu zifukiwe kina cha nusu sentimita tu. Nyingine huota baada ya wiki chache, nyingine baada ya miezi.

Hata hivyo, mche wa mbegu huweza kuwa na miiba ingawa mzazi wake hakuwa nayo. Kule Laikipia, Kenya, mipungate iliyoenea malishoni imejeruhi mifugo midomo na matumbo, na tembo na nyani husambaza mbegu zake. Kwa hiyo mche ubaki chomboni au ndani ya ua, na vipande vilivyokatwa vichomwe moto, visitupwe jalalani, kwa maana kipande kimoja kikigusa udongo hutoa mizizi. Aliyeotesha mpungate ndiye mlinzi wa malisho ya jirani yake.