Viti Vitatu vya Akina Mama



Leo tumkumbuke Mama Julie Manning. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua Waziri wa Sheria. Yeye na Mama Tabitha Siwale wakawa wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili nchini.

Je, hayo yanatuhusu nini huku vijijini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Tena inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na kati yao wanawake wasipungue 3.

Katika ziara za mradi tumekuta mahali ambapo majina ya akina mama yameandikwa tu, lakini siku ya shauri hawaitwi. Mjane anadai shamba lake mbele ya wanaume watupu.

Akina mama, mkipendekezwa msikatae. Mkichaguliwa, hudhurieni. Wachungaji na wazee wa kanisa, watieni moyo.