Bibi Yvonne Barr na Uvimbe wa Taya

Mmeniagiza nizungumze juu ya elimu. Nitamtaja mwanafunzi mmoja tu.

Mwaka 1958 tabibu Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uwapatao watoto wa nchi zetu hizi za malaria. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu. Vipande vyake vikapelekwa London kwa Daktari Epstein. Disemba 1963 ndege ikacheleweshwa na ukungu, na maji yenye kipande yakafika yamechafuka, mtu angedhani yameoza. Kumbe chembe zilikuwa hai! Kuzilea zisife ilikuwa kazi ya Epstein na Bibi Yvonne Barr, mzaliwa wa Ireland, ambaye shahada yake ya udaktari aliipata 1966. Mwaka 1964 ndani ya chembe za namna hiyo vikaonekana virusi, vikaitwa kwa majina yao wawili.

Leo dawa huwaponya wengi wafikishwao mapema. Uvimbe huu hukua kwa siku chache, meno yakalegea. Msiseme mtoto amerogwa, mpelekeni hospitali. Asiye na nauli aje kwangu baada ya alasiri.