Magadi, Heroe na Vijana Wetu
Maneno ya Kamati ya Utalii katika harambee ya mwaka



Tumepewa dakika kumi na tano, na wazee wameshatuonya tusile muda wa wenzetu wa kamati ya maji. Kwa hiyo tunasema mapema tunachoomba. Tunaomba mchango wenu ili vijana wa vijiji vinavyolizunguka Ziwa Natron wasomeshwe kazi ya kuongoza wageni wanaokuja kutazama ndege na wanyama.

Sisi tuliokulia kule tumelizoea mno lile jangwa la chumvi. Kwetu magadi ni kitu cha ugoro na cha kulainishia maharage, na ziwa ni mahali ambapo ng'ombe hanywi. Mgeni anayesafiri siku mbili kulifikia analiona kwa macho mengine. Maji yakishaingia Natron hayana pa kutokea. Yanaletwa na Ewaso Ng'iro Kusini unaoanzia Mau, Kenya, na vijito vyetu, na chemchemi za maji moto. Kisha jua linayakausha na magadi yanabaki. Kina chake hakifiki mita tatu. Kiangazi kikikaza, sehemu kubwa hugeuka ukoko, hapa mweupe, pale mwekundu kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi.

Humo ndimo wanamotaga heroe wadogo, hawa ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wameanguliwa Natron. Wale mnaowaona Bogoria, Nakuru au Manyara huenda huko kula tu. Kwa kuzaa, wanarudi nyumbani, kama ninyi mlivyorudi leo.

Kila jozi hujenga kichuguu kidogo cha matope, hutaga yai moja, na mume na mke hupokezana kuatamia kwa karibu wiki nne. Fisi na mbweha hawafiki kwa urahisi, maana maji na tope la magadi huwazunguka ndege kama boma la miiba. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown aliviona viota hivyo akiwa angani, kisha akajaribu kuvifikia kwa miguu. Magadi yalimbabua miguu vibaya hata akalazwa hospitali. Babu zetu wangemwambia, lakini inaelekea hakuwauliza.

Boma hilo linategemea kipimo cha maji. Yakizidi, vichuguu vinazama. Yakipungua mno, fisi anatembea mpaka kwenye mayai. Ndiyo maana misitu ya Mau, ambayo iko nchi nyingine, ni jambo letu pia. Na ndiyo maana wengi wetu tulikosa usingizi miaka ya 2006 na 2007 ulipokuja mpango wa kujenga kiwanda cha magadi kando ya ziwa. Mwaka 2008 mwekezaji alijitoa, na baadaye macho yakahamia bonde la Engaruka. Natron ilikuwa tayari kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu tangu mwaka 2001, lakini tusidanganyane: orodha peke yake hailindi kitu kama watu wanaoishi pale hawapati chochote kutokana nacho. Mzazi akiulizwa achague kati ya ajira ya kiwanda na ndege wasiomlipia hata daftari la mtoto, tunajua atajibu nini, na hatuna haki ya kumlaumu.

Basi tuangalie wageni wenyewe. Wengi wanaofika Engare Sero wanafuata Ol Doinyo Lengai. Wanapanda usiku wa manane, wanashuka asubuhi, wanaogelea kwenye maporomoko, wanaondoka. Wengine husimama kidogo kwenye nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400 zilizogandia kwenye majivu ya mlima. Mtazama ndege ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anaamka kabla ya jua, anatembea hatua kumi anasimama, na hana haraka. Anamtaka heroe mkubwa asimame karibu na mdogo aone tofauti ya mdomo. Anamtaka yule chekeamwezi mwenye mkanda wa rangi ya hudhurungi kifuani, anayeishi kwenye fukwe za magadi. Alasiri anataka kupelekwa mbugani upande wa Gelai kutafuta choroa na swala twiga. Mgeni wa namna hii hulala siku tatu, nne. Hula, hununua shanga za mama zetu, na hurudi na rafiki zake.

Lakini nani anamwongoza? Mara nyingi ni dereva aliyekuja naye kutoka mjini. Kijana wetu hubeba maji. Huyo kijana amechunga mbuzi pale tangu akiwa layoni. Anajua ni chemchemi ipi mwari hutua, anajua ukoko upi unabeba mtu na upi unameza gari. (Gari likizama kwenye magadi, waulizeni waliowahi kulisukuma.) Anawajua ndege kwa Kimaasai, kwa sauti na kwa tabia. Anachokosa ni majina yao ya Kiingereza, cheti, na darubini shingoni. Hivyo vitatu vinanunulika.

Mwaka huu tunataka kuanza na vijana kumi na wawili, nusu yao wasichana. Kuna wazee walioguna tuliposema wasichana. Tumewasikia kwa heshima, na bado tunasema nusu. Fedha zitalipia ada ya mafunzo, darubini moja kwa kila kijana, darubini kubwa moja ya miguu mitatu ya kutumia kwa zamu, na vitabu vya ndege wa Afrika Mashariki, kile cha Stevenson na Fanshawe.

Kila kijana ataweka sahihi kwenye masharti ya kazi. Hataahidi mgeni kuona viota, kwa sababu viko mbali katikati ya ziwa na heroe hawatagi kila mwaka. Hataruhusu kamera zinazoruka zipite juu ya makundi, maana ndege wakishtuka pamoja huacha mayai na makinda. Na hatasogeza gari kwenye ukoko hata mgeni atoe bakshishi ya namna gani. Atakayevunja masharti atarudisha darubini.

Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina, meza ya kulia karibu na mlango, na nyingine iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki kwa ajili ya ndugu walioshindwa kufika. Asiye na fedha taslimu anaweza kutoa mbuzi. Kamati itamuuza mnadani na risiti itaandikwa kwa jina lake. Mwenye darubini kabatini asiyoitumia, tunaiomba pia, hata ikiwa na mkwaruzo.

Tunawapisha wenzetu wa kamati ya maji.