Kazi ya Kutumikia Watu Nayo Hufunzwa

(Hotuba ya Katibu wa chama cha msingi, Mabira, iliyosomwa katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu)



Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza habari za bei, magunia na maghala. Sisi tumeagizwa tuseme juu ya vijana wetu, yaani mikono itakayoshika mizani na daftari hapo chama kitakapotimiza miaka ishirini.

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yatokapo, wazazi hufika ofisini kwetu wakiwa na karatasi mkononi, nao hutuuliza: “Katibu, mtoto huyu tumpeleke wapi?” Wengine huona haya kutaja chuo cha ufundi au cha huduma za jamii. Husema, “Hakufaulu vizuri, basi na aende huko.” Neno hilo latusikitisha, kwa maana lafanya kazi ya kuwatumikia watu kuwa kama jalala la kutupia walioshindwa. Twataka kuonyesha leo kwamba sivyo, na twaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Tulipotoka shule ya sekondari tulipewa ukarani wa kupokea kahawa katika chama kimoja cha msingi. Hatukuwa na mafunzo ya namna yoyote. Tulijua kuandika vizuri, watu wakadhani yatosha. Msimu ule mzee mmoja alileta magunia mawili ya kahawa ya maganda. Sisi tukayaandika katika jina la mwanachama mwingine, kwa kuwa wawili wale walikuwa na jina moja, nasi hatukujua kwamba kila mwanachama hutambuliwa kwa namba yake. Siku ya malipo jina la mzee likakosa fedha. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Lakini kosa halikuonekana ila baada ya miezi mingi. Januari ikafika, karo ya binti yake ikadaiwa, naye mzee akauza kwa butura kahawa iliyokuwa bado changa mtini, kwa bei ya kusikitisha. Hivyo kosa la mstari mmoja wa wino likala mavuno ya misimu miwili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, tulilokosa ni ujuzi wa kulishika.

Miaka ikapita. Mzee yule akaja ofisini na binti yake yule yule. Tulidhani amekuja kutulaumu. Akasema, “Nataka mwanangu ajifunze kazi ile uliyoifanya bila kujifunza.” Tuliinamisha kichwa. Binti alikwenda akasoma cheti, na leo anashika vitabu vya chama cha jirani. Hatujasikia mtu akilalamika kwamba magunia yake yamepotea.

Ndugu wanachama, nchi yetu iliijua haja hii zamani. Mwaka 1963, uhuru ukiwa bado mchanga, Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi. Ndicho kilichokuwa Chuo Kikuu cha Ushirika mwaka 2014, nacho kina tawi lake Kizumbi, Shinyanga. Mwaka huo huo wa 1963 kikaanza chuo cha Tengeru, karibu na Arusha, cha kufunza maafisa wa maendeleo ya jamii. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya chuo cha ustawi wa jamii, Dar es Salaam. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa msaada wa Sweden, vipate kuwafunza watu wazima na vijana vijijini. Na sheria ya mwaka 1994 ikaanzisha VETA. Twakumbuka pia kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudishia njia. Ofisi yaweza kufungwa kwa tangazo la siku moja. Ujuzi ulio kichwani mwa mtu haufungwi.

Sasa kijana wa Mabira achague nini? Ziko njia nyingi. Twataja zile zinazogusa maisha yetu.

Ya kwanza ni ushirika na uhasibu, ambayo tumekwisha kuieleza.

Ya pili ni maendeleo ya jamii. Mbali na Tengeru, viko vyuo vya Misungwi na Buhare, ambavyo kwetu sisi wa Ziwa ni vya karibu zaidi. Sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini kikundi kisicho na katiba, wala mpango, wala hesabu, hakipati kitu. Anayejua kuwaketisha watu, kuwasikiliza na kuwaandikia mambo yao sawasawa huleta fedha hizo kijijini.

Ya tatu ni afya na lishe. Mkoa wetu wa Kagera una ndizi tele, hata hivyo umekuwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Jambo hili latupasa kulitafakari. Tumbo la mtoto limejaa, ila sahani haina maharage ya kutosha, wala mboga, wala yai. Bei nzuri ya kahawa haitaliponya peke yake. Anatakiwa mtu aliyefunzwa, apitaye nyumba kwa nyumba akiongea na mama na baba kwa adabu.

Ya nne ni kilimo, ambacho chuo chake kiko Maruku, Bukoba. Mnakumbuka unyanjano ulivyoingia katika migomba ya mkoa wetu miaka ya 2000. Watu walikata mgonjwa kwa panga, kisha wakakata mzima kwa panga lile lile, wakaueneza ugonjwa kwa mikono yao. Waliookoa mashamba ni wale waliofundishwa kuunguza panga motoni, kuondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, na kung'oa shina lililougua.

Ya tano ni ufundi wa umeme, bomba, ujenzi na ushonaji. Chuo cha VETA cha Mkoa kilichojengwa Burugo kwa msaada wa China kilizinduliwa mwaka 2022. Fundi aungaye bomba la maji ya kijiji naye ni mtumishi wa jamii.

Basi mzazi na apime mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, moyo wa mtoto. Asiye na subira na watu asipelekwe kuwahudumia watu, hata akiwa na akili nyingi. Pili, chuo chenyewe. Aulize kama kimesajiliwa na NACTVET, asidanganywe na rangi ya bango barabarani. Tatu, kazi yenyewe. Tusiwadanganye vijana: cheti si ahadi ya meza serikalini. Na ajiulize, “Nikikosa ajira, je, ujuzi huu utamfaa jirani yangu akanilipa?” Wala anayeanza chini asidhani amefungiwa mlango: cheti ni ngazi ya 4 na 5, stashahada ni ya 6, na kutoka hapo apandaye kwa bidii hufika shahada.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Karo hudaiwa wakati kahawa ingali changa mtini, na mavuno huja katikati ya mwaka. Katika pengo hilo ndipo butura hutukamata. Mzazi humpeleka mtoto mmoja chuoni, kisha nyumba nzima ikafanya kazi ya mnunuzi msimu mzima. Kwa hiyo twauomba Mkutano Mkuu ufikirie mfuko wa mafunzo: tukatwe kiasi kidogo kwa kila kilo wakati wa mavuno, na fedha hiyo ilipe karo ya Januari. Mwenye kufaidika arejeshe kidogo kidogo, au atumikie vyama vyetu kwa muda utakaokubaliwa. Na wasichana wahesabiwe sawa na wavulana, kwa sababu binti tuliyemtaja amekwisha kutuonyesha faida yake.

Twajua wengine watasema makato yamekuwa mengi. Maneno hayo tumeyasikia, nayo ni ya haki. Lakini mlipe leo kwa shilingi, au mlipe kesho kwa magunia mawili yaliyoandikwa mahali pasipo pake. Sisi tuliyaandika, nasi twajua thamani yake.

Ndugu Mwenyekiti, miaka kumi ya kwanza tumejenga chama. Kumi hii ijayo na tuwafunze watu wa kukitunza. Ushirika wetu na udumu.