Ardhi Ndiyo Inayochagua: Mpira wa Juu na Mpira wa Chini katika Gofu ya Nyanda za Juu



Mhadhara huu umezaliwa na sentensi moja. Katika kongamano la walimu wa michezo, mwenzangu ninayemheshimu alisema kwamba siku gofu ikifika kwetu Tarime, mkoani Mara, vijana wafundishwe kupiga mpira wa juu, maana huku hewa ni nyepesi na mpira ukishapanda unakwenda wenyewe. Mpira wa chini, alisema, waachiwe watu wa Dar es Salaam wanaopigana na upepo wa bahari. Ukumbi mzima uliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza mpira huo utaangukia wapi.

Nimekuja kuuliza hilo. Najua wengi wenu hamjawahi kushika fimbo ya gofu, na viwanja kama vya Kisii na Kericho viko ng'ambo ya mpaka, Kenya. Lakini fundisho baya likishapandwa kabla ya mchezo wenyewe kufika, kuling'oa ni kazi ya kizazi kizima. Ndiyo maana nitalishughulikia kwa urefu, na mambo ambayo wanafizikia wenzangu wanayajua nitayapita haraka.

Tuanze na hewa yenyewe, maana fundisho zima limesimama juu yake. Mji wa Tarime uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, uzito wa hewa katika ujazo uleule ni kama asilimia 86 ya ule wa pwani. Ni kweli basi kwamba mpira unakumbana na ukinzani mdogo zaidi, na kwa hesabu inayotumiwa na watengenezaji wa mipira, mkwaju mrefu wa mita 200 ufukweni ungeongezeka huku kwa asilimia 5 hadi 6, yaani mita kumi na kitu. Hapo sina ugomvi na mwenzangu.

Ugomvi unaanzia hapa: hewa inayouzuia mpira ndiyo hiyohiyo inayoubeba. Mpira wa gofu uliopigwa vizuri huondoka ukijizungusha kinyumenyume, na mzunguko huo, ukishikana na hewa, huzaa nguvu ya kuinua. Hewa ikipungua, ukinzani unapungua na nguvu hiyo ya kuinua nayo inapungua kwa kiwango kilekile. Matokeo yake, mpira uleule ukipigwa vilevile hapa Tarime hupita njia iliyolala zaidi kuliko ya pwani, na huja chini kwa pembe ndogo zaidi. Anayesema hewa nyepesi inapandisha mpira amesoma nusu ya mlinganyo.

Kisha kuna upepo. Nguvu ya hewa juu ya mpira hukua kwa mraba wa kasi. Chukua mpira unaokwenda mita 60 kwa sekunde, uuwekee upepo wa mbele wa mita 5 kwa sekunde, upepo wa kawaida kabisa wa mchana unaotingisha migomba bila kuivunja. Sasa mpira unakutana na hewa kwa kasi ya 65, na nguvu inaongezeka kwa asilimia 17. Zidisha na ile asilimia 86 yetu: unapata zaidi kidogo ya asilimia 100. Maana yake upepo wa kawaida wa saa nane mchana unafuta faida yote ya mwinuko. Mpira ukipungua kasi huko juu, hasara inazidi, kwa sababu mita 5 za upepo ni sehemu kubwa zaidi ya kasi iliyobaki. Nao upepo wa karibu na ardhi ni mdogo kuliko wa juu. Mchezaji aliyefundishwa kwamba Tarime ni juu tu atakuwa anaupeleka mpira wake kule kule ambako upepo una nguvu zaidi.

Haya hayakuanza na sisi. Yalianza na mtu ambaye nimemsoma kwa miaka mingi na ambaye, kwa maoni yangu, bado hajapewa heshima anayostahili nje ya vitabu vya hisabati: Peter Guthrie Tait, profesa wa fizikia wa Edinburgh, Scotland, kuanzia mwaka 1860 hadi alipostaafu mwaka 1901. Tait aliipenda gofu kiasi cha kuicheza usiku pale St Andrews kwa mipira iliyopakwa fosforasi ili ing'ae gizani, hadi glavu ya profesa mwenzake ikashika moto. Mwanawe, Freddie Tait, alikuwa bingwa wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na tena mwaka 1898, kabla ya kuuawa vitani Afrika Kusini mwaka 1900. Baba alikuwa na swali, mtoto alikuwa na mkono wa kulijibu.

Wakati wa Tait, wachezaji waliuona mzunguko wa kinyumenyume kama kasoro, ishara ya mkwaju mbovu. Yeye alishindwa kuelewa mpira unawezaje kukaa hewani muda mrefu hivyo bila kurushwa juu sana. Basi akafanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa Mara alijue. Alifunga ncha moja ya utepe mrefu ulionyooka kwenye mpira, ncha nyingine akaishikiza, mpira ukapigwa kuelekea kwenye udongo wa mfinyanzi, kisha akahesabu mikunjo ya utepe uliojisokota. Kila msokoto ni mzunguko mmoja wa mpira. Hakuwa na kamera ya kasi wala kompyuta. Kwa utepe na udongo alionyesha kwamba mpira hujizungusha mara nyingi kwa sekunde, na kwa hesabu alizochapisha miaka ya 1890 akathibitisha kwamba mzunguko huo ndio unaoutegemeza mpira hewani. Mwaka 1910 J. J. Thomson, mvumbuzi wa elektroni, alitoa mhadhara mzima London juu ya mwendo wa mpira wa gofu, akiendeleza njia hiyohiyo. Habari za vishimo vya juu ya mpira, ambavyo William Taylor alivipatia hataza mwaka 1905, mnazijua au mtazisoma, naziacha.

Ninachotaka kutoka kwa Tait ni mbinu. Aliuangalia mpira ukiondoka, akauangalia ukienda, na mwisho wa jaribio lake palikuwa na udongo wa kuupokea. Wafuasi wa fundisho la hewa nyepesi wameacha huo udongo nje ya mlango.

Mimi umuhimu wa ardhi inayoupokea mpira nilifundishwa na mjomba wangu. Alivuka mpaka pale Sirari kwenda kutafuta kazi Kenya kabla haujafungwa mwaka 1977, akaajiriwa kukata nyasi kwenye uwanja mmoja wa gofu wa nyanda za juu. Sisi Wakurya tuko pande zote mbili za mstari ule, hivyo kufungwa kwake kuliukata ukoo katikati. Ulipofunguliwa mwaka 1983 nilikwenda kumwona. Alinipeleka uwanjani asubuhi, umande haujakauka, wenye klabu hawajafika, na kedi mmoja, kijana wa kubeba mifuko, akijipigia mipira kabla ya kazi. Kijana aliurudisha mpira karibu na mguu wa kulia, mikono akaitanguliza mbele ya mpira, akapiga taratibu na kumalizia fimbo ikiwa chini. Mpira ulikwenda kimo cha mtu, safi kabisa, kuelekea grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Ulidunda hatua chache kabla ya grini, ukafa palepale. Akapiga wa pili vilevile. Huo ulidundia sehemu iliyokatwa chini zaidi, ukabingirika hadi karibu na kijiti cha bendera.

Mjomba aliniinamisha kwenye ule ukingo. "Mpwa wangu, weka vidole hapa." Niliweka. Ilikuwa nyasi ya Kikuyu, ile inayotambaa na kushika mizizi kila pingili, na chini ya majani yake mabichi kulikuwa na mtandao mgumu wa shina kavu, kama burashi ya kufulia. "Hakukosea kupiga," akasema. "Amekosea pa kuangushia."

Nyasi hiyo ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na leo imesambaa hadi Riviera kule Los Angeles, ambako wachezaji wakubwa duniani hulalamika kwamba inaunyaka mpira wa chini. Yaani Wamarekani wamejifunza tabia ya nyasi yetu kwa gharama kubwa, sisi tunataka kufundisha watoto wetu bila kuitaja.

Tazameni ardhi nyingine. Kwa miongo mingi viwanja vingi vya Afrika Mashariki, kwa uhaba wa maji, havikuwa na grini za nyasi. Kuzunguka shimo palikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta, na mchezaji aliulainisha kwa kifaa kabla ya kusukuma mpira wake. Mpira wa juu uliotua humo ulijizika na kutulia. Jinja, Uganda, kulikuwa na kanuni ya kuuokota mpira ulioangukia kwenye unyayo wa kiboko. Hapo mwinuko ungemsaidia nini mchezaji? Na huku kwetu, shuka kutoka vilima vya kahawa hadi mbuga za Serengeti: udongo mwekundu unaobana na kukauka ugumu wa sakafu, halafu ule mweusi wa mfinyanzi, ambao masika humeza kwato za ng'ombe na kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Umbali kati yao si mkubwa, na hewa inatofautiana kidogo tu. Lakini mpira wa chini ambao Agosti ungebingirika mita nyingi, Aprili ungekwama pale pale ulipogusa.

Nimepima hoja za upande wa pili kwa uaminifu. Kuna mahali ambapo mchezaji hana la kuchagua: mti uko mbele, au shimo la mchanga limekaa kati yake na grini. Lazima mpira upande. Na kwa grini ngumu, mpira unaoshuka wima ndio unaosimama. Wachezaji wa kulipwa wa Marekani hupeleka mipira ya karibu fimbo zote hadi takriban mita 30 juu, na ile ya fimbo fupi hushuka kwa pembe ya digrii 50 hivi. Kwa kuwa hewa yetu inalaza njia ya mpira, mchezaji wa Tarime anayetaka kuusimamisha kwenye grini ngumu atahitaji kuongeza kimo kwa makusudi. Mwenzangu anaweza kushangilia hapo. Lakini angalieni: sababu ya kupiga juu ni ugumu wa grini. Hewa nyepesi imekuwa kikwazo katika kufanya hivyo, na yeye aliiita msaada.

Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alijifunza gofu utotoni kwa fimbo moja tu, ya chuma namba 3, kwenye mchanga wa ufukwe wa Pedreña, Uhispania. Kwa fimbo hiyo moja alijilazimisha kupata mpira wa juu na wa chini kadiri mchanga ulivyomtaka. Ningempa kijana wa Tarime fimbo moja kama hiyo na aina tatu za ardhi, kabla ya kumpa mfuko mzima na jedwali la mwinuko.

Ombi langu kwa shule za sekondari za wilaya za Tarime na Serengeti ni hili. Chukueni mpira wa gofu, uachieni kutoka kimo cha mita 2, mpime kwa futi kamba umeruka juu kiasi gani baada ya kudunda. Kisha urusheni kwa mkono, chini, kwa nguvu ileile, mpime umebingirika wapi. Fanyeni hivyo kwenye udongo mwekundu, kwenye udongo mweusi wa mbuga, na juu ya nyasi ya Kikuyu pale inapoota. Andikeni tarehe, na kama mvua ilinyesha juzi au jana. Fanyeni Aprili, mrudie Agosti mahali palepale. Mkishapata daftari la mwaka mmoja, mtakuwa na kitu cha kumpa mwalimu wa gofu atakayekuja, na atajua kutoka ukurasa wa kwanza ni wapi mpira wa chini unafika na ni wapi lazima aupandishe.